IPA moja, njia mbili: ya ndege inanukia, ya lori imekufa. Kwa nini?

GrosariKisasa (mwanzisha mada)

Wakuu, habari za jioni. Naomba msaada wa wenye uzoefu na bia za viwanda vidogo, hasa mlioko huku Dodoma au mliowahi kuishi Afrika Kusini.

Nina grosari Kisasa. Wateja wangu ni watumishi waliohamia na wizara zao, mafundi ujenzi, na walimu ambao huweza kukaa na chupa moja hadi taarifa ya habari inaisha. Zinazotoka ni Safari, Kilimanjaro, Serengeti, Castle Lite, pamoja na mvinyo wa hapa kwetu. Mdogo wangu anasoma Cape Town, na mtaa anaokaa kuna kiwanda kidogo cha bia: watu wachache tu, wanapika nyuma, wanauza mbele. Jina silitaji nisije nikaonekana natangaza biashara ya mtu. Alipoonja IPA yao (India Pale Ale, bia yenye uchungu na harufu nyingi) akasema kaka lazima nayo ikufikie.

Zikaja kwa njia mbili. Chache alikuja nazo mwenyewe likizo, kwenye begi, akashuka Dar na ndege kisha akapanda SGR mpaka huku. Nyingine alikuwa amempa mapema dereva wa lori tunayefahamiana naye, zikapita Zimbabwe na Zambia, zikasubiri foleni Tunduma pamoja na mzigo mwingine wote, zikateremkia Iringa, zikaja kwa barabara ya Mtera. Ni bia ileile. Chupa za kahawia za mililita 340, tarehe ya kujazwa ni moja, kilevi asilimia 6.2, na pembeni wameandika IBU 58 na majina ya hopsi, maua yanayotia bia uchungu na harufu: Southern Passion na Citra.

Nikafungua kwanza iliyokuja na ndege. Rangi yake ni ya shaba iliyofifia, ina ukungu kidogo, povu jeupe zito linaloganda ukingoni mwa glasi. Kabla sijaiweka mdomoni harufu ilikuwa imeshanifikia: pasheni iliyopasuliwa sasa hivi, ganda la balungi, halafu nyuma yake kuna kitu nilichokijua mara moja kwa sababu niliwahi kuuza mbao, harufu ya misindano ya Sao Hill ikiwa ndiyo kwanza imetoka kwenye msumeno. Ukimeza unakuta utamu mdogo wa kimea, wa ukoko wa mkate. Ndipo uchungu unaingia. Haukwaruzi wala haufanani na wa dawa, unakaa tu nyuma ya ulimi na kukausha mdomo mpaka unataka funda jingine. Niliipenda sana, nasema kweli. Sijawahi kukaa na bia nikaifikiria namna ile.

Kesho yake nikafungua ya lori. Rangi imekolea, povu limekuja na kuondoka. Pasheni hakuna, balungi hakuna. Kuna harufu ya asali nzito na boksi lililolowa mvua. Mdomoni ni utamu wa sukari iliyoungua, na uchungu umebaki peke yake, mkavu, unakwaruza.

Sasa hapa ndipo ninapokwama. Kila ninaposoma naambiwa IPA ilibuniwa na Waingereza ili ihimili safari ya meli hadi India, miezi kwenye joto, na ndiyo maana ikatiwa uchungu mwingi. Iweje bia iliyozaliwa kwa safari ya India ishindwe na lori kutoka Cape Town? Na mwalimu mmoja niliyemwonjesha ile nzuri anashikilia kuwa hata hiyo imeharibika, kwamba bia haipaswi kuwa chungu namna hiyo. Naomba majibu, na mnieleze pia inanyweka ikiwa na ubaridi gani, maana mimi niliitoa kwenye friji moja kwa moja.

---

ChamwinoYetu

Mkuu, mimi niko upande wa mwalimu. Niliwahi kuwekewa IPA Nairobi na mwenyeji wangu, nikaishia nusu glasi kwa heshima tu. Kwa jua letu hili mtu anataka kitu cha baridi kinachoshuka bila maswali. Ila nimevutiwa na hiyo 58 uliyoandika. Ni kipimo cha nini? Kuna anayejua?

---

MamaZabibu

GrosariKisasa mwanangu, umeonja vizuri na umeeleza vizuri zaidi, ndiyo maana nimekaa kukujibu kwa kirefu. Nimefanya kazi ya kuonja kwenye kiwanda cha mvinyo hapa Dodoma kwa miaka mingi, na bia za namna hii huletewa na wanafunzi wangu wanaosafiri. Chupa yako ya kwanza ilikuwa nzima kabisa. Uchungu ule ni wake.

Hopsi ni maua ya mmea unaotambaa, na yanayotumika ni ya mmea jike tu. Ukilipasua ua unakuta unga wa njano unaonata, unaitwa lupulini. Ndani ya unga huo mna mambo mawili yanayopikwa kwa namna mbili tofauti. Kuna asidi za alfa, ambazo zenyewe haziyeyuki vizuri mpaka zichemshwe na ile togwa ya shayiri kwa muda wa saa nzima hivi. Zinabadilika, zinayeyuka, na huo ndio uchungu. Halafu kuna mafuta yenye harufu, na haya hayapendi moto, yanapaa na mvuke. Kwa hiyo mpishi wa IPA hutia hopsi za mwanzo kwa ajili ya ulimi, akatia nyingine mwishoni mwa kuchemsha, kisha bia ikiwa imeshachachuka na kupoa ndani ya tangi anatia nyingine tena na kuziacha zilowe siku kadhaa. Pasheni na balungi yako imetoka hapo. Hakuna tunda lililokamuliwa humo. Southern Passion ni hopsi ya Afrika Kusini kwenyewe, inalimwa upande wa mji wa George, na hiyo harufu ya pasheni ndiyo iliyoipa jina. Citra ni ya Marekani, ndiyo yenye balungi na machungwa.

ChamwinoYetu, hiyo 58 ni kipimo cha uchungu, kwa karibu ni miligramu za zile asidi zilizobadilika katika kila lita. Lager nyingi tunazozifahamu haziendi mbali na 20, na nyingine ziko chini ya hapo. IPA huanzia kama 40 na kufika 70. Lakini namba peke yake isikutishe, kwa sababu kimea kingi hubeba uchungu mwingi. Ya Nairobi huenda ilikuwa na kimea chembamba, au ilikuwa imechoka, au uliletewa ikiwa barafu. Ningekuwa karibu nawe ningekuomba uionje tena kwa utaratibu ufuatao.

Chupa itoke kwenye friji ikae mezani robo saa. Nyuzi 8 hadi 12 zinatosha kabisa. Ikiwa baridi kuliko hapo harufu yote inalala na unabaki na uchungu mtupu, na hilo ndilo linalowafukuza watu wengi. Tumia glasi ya mvinyo, za hapa mjini zinapatikana kila mahali, na ujaze nusu tu ili harufu ipate mahali pa kukusanyika. Glasi isuuzwe mpaka sabuni iishe, na isiwe imeguswa na mafuta, maana mafuta ndiyo adui wa povu. Mimina taratibu, ukifika chini ukaona mashapo ni hamira, haina madhara, iache kwenye chupa. Halafu nusa kwanza. Bia hii nusu yake iko puani, na anayeinywa kwa kuigugumia ameinunua nusu.

Chakula chake ni nyama yenye mafuta. Mbuzi wa kuchoma wa mnada wa Msalato anapatana nayo sana, uchungu unasafisha mafuta mdomoni. Pilipili ipunguze, kwa sababu uchungu na kilevi vinaiwasha zaidi.

Sasa ya lori. Hata kiwanda kiwe makini vipi, chini ya kizibo hubaki hewa kidogo. Oksijeni hiyo inafanya kazi polepole ikiwa baridi, na mbio ikiwa joto. Watu wa bia wana kanuni yao ya kukadiria: siku 3 kwenye nyuzi 32, siku 30 kwenye nyuzi 22 na siku 300 kwenye nyuzi 3 huichosha bia karibu sawasawa. Pigia hesabu hilo lori, turubai lililopigwa jua kutoka Limpopo mpaka Mtera. Harufu ya boksi lililolowa na ile ya asali ndizo dalili zenyewe za bia iliyopata hewa na joto. Uchungu umebaki kwa sababu ni mgumu kuliko harufu. Haikudhuru kiafya, lakini siyo tena bia waliyoipika wale watu, na inaniuma kwa niaba yao.

Hilo la India nawaachia wanaojua historia.

---

MromboWaMakole

Shikamoo mama. Umeeleza nikakumbuka nyumbani.

Nataka kumwambia mwalimu wa Kisasa kwamba bia kuwa chungu si jambo la Wazungu. Sisi Rombo, na Uchagani kote, mbege haikamiliki bila msesewe. Ndizi zinapikwa na kuachwa zichachuke, kimea cha ulezi kinapikwa uji, na msesewe ni gamba la mti, linakaushwa, linatwangwa, linatiwa kwa kipimo. Ni chungu kwelikweli, ukilamba peke yake hutasahau. Kipimo chake ndicho kinachomtofautisha mpishi na mpishi. Bibi yangu alikuwa akionja kwa kata, akitikisa kichwa, anaongeza unga kidogo kati ya vidole viwili, anaonja tena. Mbege isiyo na msesewe wazee waliiona ni uji mtamu wa watoto.

Kwa hiyo mimi nilipoonja IPA mara ya kwanza, Arusha, niliona nimefika mahali ninapopajua. Harufu ngeni, uchungu wa kwetu.

---

MtuWaVisima

Mimi ni fundi wa maji, nimechimba visima mkoa huu na Singida, na IPA naipenda tangu niliposoma Uingereza. Niliguse hilo la India, kwa sababu linaelezwa kwa mkato mno.

Hakuna mtu aliyekaa chini akaibuni kwa ajili ya India. Bia ya rangi ya kung'aa iliyotiwa hopsi nyingi ilikuwa ikipikwa Uingereza tayari, ya kuwekwa kwenye mapipa na kuachwa ikomae muda mrefu. Kule Bow, mashariki mwa London, kulikuwa na kiwanda cha George Hodgson kilichoanza mwaka 1752. Kilikuwa karibu na bandari walikokaa manahodha wa East India Company, kampuni ya Waingereza ya biashara ya India, na Hodgson aliwakopesha mzigo kwa muda mrefu mpaka warudi. Manahodha wakaibeba. Meli zilizunguka Rasi ya Tumaini Jema, miezi minne hadi sita, maana mfereji wa Suez haukufunguliwa mpaka 1869. Kufika Bombay, Madras au Calcutta ikaonekana imekomaa vizuri. Na msisahau kwamba bia nyeusi, porter, nayo ilipelekwa India kwa wingi na ikafika salama. Kwa hiyo ule usemi kuwa ni bia chungu tu iliyoweza kuhimili safari si wa kweli. Ilicho nacho hopsi ni uwezo wa kuzuia baadhi ya bakteria wanaochachisha bia, hilo ni kweli na linasaidia.

Sasa jibu la swali lako, GrosariKisasa. Bia ya Hodgson ilisafiri ndani ya mapipa ikiwa bado ina hamira hai inayokula ile oksijeni, na ilipikwa ili ikomae. Mnywaji wa Calcutta hakutegemea harufu ya pasheni. Alitaka bia kavu, safi, iliyotulia. IPA uliyoletewa ni ya ukoo mwingine. Imetokana na Wamarekani: kiwanda cha Anchor cha San Francisco walitoa Liberty Ale mwaka 1975 kwa hopsi ya Cascade yenye harufu ya balungi, Sierra Nevada wakafuata mwaka 1980 na pale ale yao, na kutoka hapo harufu ikawa ndiyo bia yenyewe. Jina limebaki la meli, lakini kilichomo ni cha kunywewa kikiwa kipya. Ya zamani ilinufaika na muda, ya sasa inaharibiwa nao.

Niongeze jambo moja kwa sababu ni la kazi yangu na linanifurahisha kila ninapolifikiria. Miaka ya 1820 biashara ya India ilihamia kwa wapishi wa Burton upon Trent, akina Allsopp na Bass, wakakishinda kiwanda cha Hodgson. Maji yao yaliwasaidia sana. Visima vya Burton vimepita kwenye jasi (gypsum), na maji yenye jasi huufanya uchungu wa hopsi uwe mkavu na safi badala ya kung'ang'ania. Leo wapishi dunia nzima hutia jasi safi ya daraja la chakula kwenye maji yao ili wapate tabia ya Burton. Na jasi ndiyo hiyohiyo inayochimbwa Itigi na kupakiwa kwenda viwanda vya saruji. Simwambii mtu atie udongo wa Itigi kwenye sufuria, jamani, ule ni wa viwandani. Nasema tu kwamba anayedhani maji magumu hayafai bia hajasikia habari za Burton. Maji ya visima vya Mzakwe tunayoyatumia hapa mjini yangepimwa maabara kwa nia hiyo, salfeti ngapi, kloridi ngapi, ingekuwa kazi ya maana.

---

ChamwinoYetu

Nimesoma yote. Je, hizo hopsi haziwezi kuoteshwa hapa? Zabibu zilikuja zikakubali.

---

MtuWaVisima

Shida ni urefu wa siku. Hopsi huhitaji mchana mrefu wa kiangazi ili ichanue vizuri, ndiyo maana mashamba yake mengi yako kati ya nyuzi 35 na 55 za latitudo. Hata George, wako ukingoni mwa hapo, iliwabidi wazalishe aina zao zinazovumilia siku fupi. Sisi tuko nyuzi 6 tu, mchana wetu ni karibu saa kumi na mbili mwaka mzima. Mmea utaota, maua yatakuwa machache. Zabibu haina masharti hayo, ndiyo maana hapa unavuna mara mbili kwa mwaka.

---

GrosariKisasa

Shikamoo MamaZabibu, na asanteni wote. Nilikuwa nimebakiwa na chupa ya ndege, nikafanya kama mama alivyoelekeza: robo saa mezani, glasi ya mvinyo, nusu. Mwalimu nilimwita, na nilinunua mbavu za mbuzi kwa jirani anayechoma, bila pilipili.

Tofauti ni kubwa kuliko nilivyotegemea. Ile ya kwanza niliinywa ikiwa baridi sana, na bado niliipenda. Sasa pasheni ilijaa chumba kizima, na ikatokea harufu nyingine ambayo sikuwa nimeisikia, ya embe bichi ukilikata karibu na kikonyo. Utamu wa kimea umejitokeza na uchungu umekuja ukiwa umeshikana nao, haukuwa mbele tena. Mwalimu alinusa muda mrefu bila kusema. Kisha akaniambia ataichukua kwa kipimo cha glasi, si chupa nzima, na kwamba hiyo ni bia ya kunywa umekaa na mtu mnayezungumza. MromboWaMakole, nilimsomea habari za msesewe. Mama yake ni wa Marangu, akacheka akasema kumbe.

Sasa naomba ushauri wa biashara. Nafikiria kuleta katoni chache mwezi wa kumi na mbili. Kwa bei ya huko na usafiri itanilazimu niuze karibu mara tatu ya bia ya kawaida. Mnaonaje?

---

MamaZabibu

Marahaba mwanangu. Nimefurahi kuhusu hilo embe bichi, nawe una pua, usiiache ikalala.

Kwanza sheria. Chupa za zawadi kunywa na marafiki hakuna neno, lakini za kuuza lazima ziwe zimesajiliwa TBS na zina stempu za kielektroniki za TRA. Tafuta mwagizaji mwenye vibali vyake, mwambie uunganishe mzigo wako na wake. Peke yako na katoni chache haitakulipa.

Pili, kama haziwezi kuja kwenye ubaridi kuanzia kiwandani mpaka kaunta yako, usizilete kabisa. Na isiwe Oktoba wala Novemba, miezi ya joto kali. Mteja akilipa mara tatu akapata ile ya lori, hutamrudisha, na atawaambia wenzake kwamba IPA ni boksi lililolowa. Afadhali uanze na za Nairobi au Dar, wako wanaopika, njia ni fupi. Omba iliyojazwa ndani ya miezi miwili, iweke wima chini kabisa ya friji mbali na taa, iuze kwa glasi kama mwalimu alivyosema, na inayofikisha miezi minne ishushe bei na umweleze mnunuzi sababu.

---

GrosariKisasa

Nimekuelewa mama. Nimeshamwandikia mtu wa Dar usiku huu. Nimeuliza mambo mawili tu: wanajaza chupa lini, na mzigo wao wa Dodoma unapanda gari gani.